Nani Anaondoka na Muuaji? Kurasa za Mwisho Zilizopotea Kwenye Tamasha la Riwaya za Upelelezi, Iringa

#1 Kalamu ya Gangilonga

Kamwene wanajukwaa.

Jumamosi iliyopita nilishinda katika maktaba moja hapa Iringa mjini, ambako kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kulikuwa na tamasha la riwaya za upelelezi. Kulikuwa na usomaji wa sauti, mazungumzo na askari mpelelezi mstaafu, mjadala juu ya waandishi wetu wa zamani, na meza ndefu iliyopangwa riwaya kuukuu zilizotolewa stoo kwa ajili ya siku hiyo. Baridi ya Julai mnaijua. Makoti hayakuvuliwa hadi adhuhuri. Waandaaji walijitahidi na sina la kuwalaumu.

Kilichonileta hapa ni kingine. Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai na vitumbua, nilibaki kwenye ile meza nikifungua riwaya moja baada ya nyingine. Nilizihesabu 23, na tano kati ya hizo hazikuwa na mwisho. Hazikuwa zimechakaa, mbele nzima, katikati nzima, ila mwisho hakuna. Mpelelezi amewakusanya watuhumiwa wote sebuleni, amefunga mlango, ameanza kueleza alivyoigundua siri, unafungua ukurasa unaofuata na unakutana na jalada tupu lenye muhuri wa maktaba.

Mimi nadai kwamba hii ni kazi ya mkono mmoja. Katika mji huu aliishi, au bado anaishi, mtu aliyekuwa akiazima riwaya, akijua muuaji ni nani, kisha akiondoka naye ili asijulikane na mwingine. Mnasemaje?

#2 Kijana wa Uyole

Mkuu, mtuhumiwa wa kwanza ni yule aliyebaki peke yake na vitabu wakati wenzake wanakunywa chai.

#3 Rafu ya Tatu

Nimefanya kazi ya maktaba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba nimpunguzie mleta uzi hasira juu ya huyo mtu wake mmoja. Vitabu vingi vya kuazimisha vilibandikwa karatasi ya kugongwa tarehe ya kurejesha. Msomaji aliyechelewa wiki sita, akijua kuna faini, alikuwa radhi kuing'oa karatasi hiyo na kurejesha kitabu kwa uso mkavu. Karatasi ile ilibandikwa kwa gundi ya unga, na ukiivuta kwa nguvu huondoka na ukurasa ulioishikilia, wakati mwingine na wa pili yake. Huyo hakumtaka muuaji. Alikuwa anakimbia faini.

#4 Mama Ushanga

Shikamoo mzee Rafu. Kwa heshima zote, maktaba niliyokuwa nikiazima Mbeya miaka ya 1990 ilibandika karatasi hiyo mbele, ndani ya jalada la kwanza, na nyuma palikuwa na kifuko cha kadi tu. Kama wakimbia faini ndio wahalifu, basi tungekuta riwaya zisizo na mwanzo.

Nina swali kwa mleta uzi pia. Je, ulifungua vitabu vya aina nyingine? Umetazama riwaya za upelelezi peke yake, ukakuta tano zimekatika, na hapo hapo ukahukumu kwamba mhalifu anapenda upelelezi. Pengine na vitabu vya ufugaji wa nyuki vimekatika mwisho, ila hakuna aliyewahi kusikitika.

#5 Mzee wa Vwawa

Ugonile wote. Mama Ushanga ameuliza vizuri, ila mimi naona ugonjwa huu ni wa aina hii ya riwaya yenyewe. Riwaya ya mapenzi ikipoteza kurasa kumi za mwisho, msomaji anajikadiria: ama wameoana, ama mmoja amekufa. Riwaya ya upelelezi mzigo wake wote umebebwa na zile kurasa kumi. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotutolea *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1958, tumezoea kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa, atavuta kiko chake, atanyamaza, na mwishoni atatueleza yote tuliyoyaona kwa macho yetu bila kuyatambua. Kurasa hizo ndizo zinazosomwa mara mbili, ndizo zinazofunguliwa na mwenye haraka kabla hajaanza sura ya kwanza, na kinachoshikwashikwa sana ndicho kinachotoka kwanza. Hakuna mwizi hapo, ni vidole tu.

#6 Msomi wa Tukuyu

Mzee wangu, naomba kusahihisha kidogo. Mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ambayo riwaya hiyo ilishinda, yalikuwa ya mwaka 1957 na 1958, lakini kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1960. Baada yake Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Elvis Musiba akaja na *Kufa na Kupona*, yenye shujaa wake Willy Gamba, mwaka 1974.

Nataja miaka hiyo kwa sababu kati ya Bwana Msa na Willy Gamba kuna tofauti inayogusa kesi yetu. Bwana Msa na rafiki yake Najum wamejengwa kwa mfano wa mpelelezi Sherlock Holmes na mwenzake Watson, ambao Conan Doyle aliwaleta kwa wasomaji mwaka 1887. Swali lao ni nani kaua, na jibu linafichwa hadi mwisho. Willy Gamba ni jasusi, na mara nyingi adui tunamfahamu mapema. Kinachotusukuma ni kujua atapenya vipi akiwa hai. Joram Kiango wa Ben Mtobwa yuko katikati, siku nyingine anafikiri na siku nyingine anakimbia. Kwa hiyo mleta uzi atuambie: zile tano ni za namna gani? Kama zote ni za nani kaua, dai la mkono mmoja linapata nguvu. Kama za ujasusi nazo zimo, mzee wa Vwawa na vidole vyake anakaribia zaidi.

#7 Kalamu ya Gangilonga

Ahsanteni. Nne ni za nani kaua na moja ni ya ujasusi. Majina sitayataja hadharani kwa sababu wamo humu ambao hawajazisoma, na sitaki kuwasumbua kwa riwaya wasiyoweza kuimaliza.

Niliandika kwenye daftari kila moja inapoishia: ukurasa wa 76, wa 94, wa 112, wa 131 na wa 160. Mama Ushanga, vitabu vya nyuki sikuvifungua. Nakubali kosa.

#8 Fundi Majalada

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini namba hizo zimeniamsha. Mimi hushona na kubandika vitabu hapa Mwanjelwa, zaidi daftari za hesabu na Biblia zilizochoka, na riwaya nimezishika nyingi.

La kwanza, ukurasa wa 131 hauwezi kuwa wa mwisho. Karatasi ina pande mbili. Kama 131 ipo, basi mgongoni mwake ipo 132. Ama umesoma vibaya, ama una kitabu cha miujiza.

La pili, kitabu hakitengenezwi kwa karatasi mojamoja. Karatasi kubwa huchapwa, hukunjwa mara kadhaa, na mara nyingi kila mkunjo huwa na kurasa 16. Mikunjo hiyo hupangwa kwa kufuatana, hushonwa au hupigwa gundi mgongoni, kisha huvikwa jalada. Sasa piga hesabu: 112 ni 16 mara saba kamili, na 160 ni 16 mara kumi kamili. Vitabu hivyo viwili nashuku havikuchanwa na mtu. Ama mkunjo wa mwisho ulisahaulika vilipokuwa vikikusanywa, ama ulichomoka mzima uzi ulipolegea. Inategemea pia kama kurasa za utangulizi zilihesabiwa pamoja na nyingine, kwa hiyo siapi. Lakini 76, 94 na hiyo 132 yako hazigawanyiki kwa 16. Hapo kuna mkono.

La tatu, rudi ukatazame mshono. Ukurasa uliochanwa huacha kipande chembamba kando ya mgongo, chenye meno kama msumeno. Uliokatwa kwa wembe huacha ukingo ulionyooka. Ule uliotoka wenyewe kwenye gundi hauachi kitu, isipokuwa mstari wa gundi kavu ya rangi ya manjano unaovunjika ukiugusa. Na kama kitabu ni chembamba, cha kupigwa pini katikati, karatasi ya mwisho ni mwili mmoja na karatasi ya kwanza; ikitoka ya nyuma, ya mbele nayo italegea.

#9 Ndugu Shahidi

Nami nilikuwepo Jumamosi. Fundi amesema kwa vitendo kile ambacho yule askari mstaafu alikisema kwa maneno. Aliulizwa na mwanafunzi mmoja kwa nini wapelelezi wa riwaya hukamata muuaji ndani ya siku tatu na wa kweli huchukua miezi, akajibu kwamba wa riwaya anaanza na mtu halafu anatafuta ushahidi wa kumfaa, kwa sababu mwandishi ameshamtajia jina sikioni. Wa kweli anaanza na kitu kilichopo mezani, anafungua jalada la kesi, anaandika maelezo ya mashahidi, anapeleka vielelezo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kusubiri. Mleta uzi ameanza na mtu.

#10 Kalamu ya Gangilonga

Nimepigwa kwa haki. Leo Jumatatu nilirudi nikiwa na miwani.

Fundi, ni 132. Namba haikuchapwa upande huo, nami nilinakili ile ya mbele. Kitabu kinachoishia 112 kimeshonwa kwa uzi, na hakina kipande chochote kilichobaki. Kile cha 160 kina ule mstari wa gundi ya manjano ulioueleza, nao ulimegeka kidoleni mwangu, na naona aibu kusema hivyo mbele ya mzee Rafu. Cha 76 na cha 94 vina meno ya msumeno. Lakini cha 132 kimekatwa kwa wembe, kwa ukingo ulionyooka kama wa rula, karatasi saba kwa mkupuo mmoja, na ukataji umeacha mchubuko kwenye ukurasa wa 131 unaoonekana ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

Halafu, Mama Ushanga, nilifungua vitabu 20 vya kilimo na afya. Viwili havina mwisho, na vitatu havina mwanzo.

#11 Kijana wa Uyole

Wembe! Nimeketi hapa sitoki.

#12 Baridi ya Makete

Mbona hakuna anayezungumzia kipindi cha mchana, kile cha fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe? Kwangu ndicho kilikuwa cha upelelezi kuliko riwaya zote zilizokuwa mezani. Mtu amejipiga risasi mwaka 1898, kichwa kinapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1918 unaagiza kirudishwe, na miaka inapita.

#13 Msomi wa Tukuyu

Mkataba ulitiwa saini mwaka 1919; mwaka 1918 ni wa kusimama kwa vita. Kifungu ni cha 246. Fuvu lilirudi mwaka 1954, wakati wa Gavana Edward Twining, na sasa liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka hapo mjini kwenu.

#14 Ndugu Shahidi

Ni kweli kipindi kilisisimua, ila mimi nilinyoosha mkono kupinga, na narudia hapa. Tamasha lilikuwa la riwaya. Fuvu lile lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika jumba la makumbusho la Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na hadi leo wapo wanaouliza kama ndilo. Hiyo ni historia ya watu ambao wajukuu wao walikuwa wameketi benchi la nyuma. Kuiweka kati ya Bwana Msa na chai ya saa kumi kulinikera.

#15 Baridi ya Makete

Mjukuu mmojawapo ni mimi, upande wa bibi, na sikukereka. Nilifurahi kwamba kwa mara moja watu walisikiliza vipimo vile kama ushahidi wa kuhojiwa. Tuendelee na kurasa.

#16 Mama Ushanga

Tuendelee. Mleta uzi, ahsante kwa kuvifungua, na sasa nina maelezo yangu. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni kwa foleni na daftari kwa bahati. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kilikuwa bado hakijaanza kazi. Karatasi yoyote ilikuwa mali. Marehemu babu yangu alifungia ugoro wake katika kurasa za kitabu, na hakuchagua. Alichana ya nje kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Hiyo inaeleza meno ya msumeno ya 76 na 94, na inaeleza pia vitabu vya kilimo vilivyokatika mbele na nyuma. Wembe sijui, nawaachia wengine.

#17 Mzee wa Vwawa

Mama, babu yako alikuwa na kadi ya maktaba?

#18 Mama Ushanga

Alikuwa na mjukuu mwenye kadi. Naishia hapo.

#19 Bweni la Zamani

Habari za wakati huu. Mimi ni mgeni humu. Mwanangu ndiye aliyenionyesha uzi huu, nami nimeona nisikae kimya kuhusu wembe.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni hapa Nyanda za Juu Kusini. Riwaya ikiingia bwenini, iwe ya mtu au ya maktaba, ilikuwa moja kwa wavulana 40, na mwenye zamu ya kwanza angeweza kukaa nayo wiki nzima. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Kitabu kililazwa juu ya sanduku la bati, kikafunguliwa mpaka mshono uonekane, na mmoja wetu aliyekuwa na mkono usiotetemeka alikigawa kwa wembe wa kunyolea vipande vinne au vitano, tukavisoma kwa kupokezana baada ya taa kuzimwa, chini ya blanketi kwa tochi. Aliyemaliza kipande cha kwanza alikipitisha kitanda cha jirani na kusubiri cha pili. Mwishoni kitabu kilikusanywa, kikafungwa uzi, kikarudi kilikotoka.

Tatizo lilikuwa kipande cha mwisho. Aliyekishika alikuwa mfalme. Alikuwa na uwezo wa kudai sukari, kipande cha mkate, hata zamu ya kufagia, na waliokataa kulipa alitishia kuwatajia muuaji kwa sauti mbele ya bweni zima. Vipande vya mwisho vilifichwa darini, vikashonewa ndani ya magodoro, na wakati wa likizo viliondoka na wenyewe. Sisemi kwamba sisi ndio tuliokata kitabu chenu. Nasema mkono wa namna ile naufahamu.

#20 Rafu ya Tatu

Miaka yote nilikuwa nikipokea vitabu vilivyofungwa uzi wa viatu, nikidhani wanafunzi wanavitunza.

#21 Fundi Majalada

Karibu sana mzee wangu. Hadithi yako imenivutia, ila naona mlikuwa na akili ya ufundi bila kujijua: mtu anayefungua mpaka mshono uonekane hukata kati ya mkunjo na mkunjo, na kipande chake huishia kwenye namba inayogawanyika kwa 16. Kitabu cha 132 kimekatwa katikati ya mkunjo. Huyo hakufundishwa bwenini kwenu. Kama kuna kitabu kinachofanana na kazi yenu ni kile cha 112, nacho nilikwisha kukipa kosa la kiwandani.

#22 Bweni la Zamani

Ndiyo sababu nimeandika. Nina sanduku la bati nyumbani Makambako ambalo sijalifungua vizuri tangu mama yao afariki. Jana nililifungua. Chini ya vyeti kuna kipande kimoja cha riwaya ambacho sikuwahi kukirudisha, kimeliwa na mende pembeni lakini kinasomeka. Kinaanzia ukurasa wa 97. Namwomba mleta uzi anitumie kwa ujumbe wa faragha jina la kitabu chake cha 112.

#23 Kalamu ya Gangilonga

Nimemtumia. Amenijibu kwa kuninakilia mistari miwili ya kwanza ya ukurasa wa 97, nami nimelinganisha na picha niliyopiga kwa simu. Ni riwaya ileile, neno kwa neno.

#24 Kijana wa Uyole

Basi jibu lipo Makambako! Mzee, soma mpaka mwisho, utuambie nani kaua.

#25 Bweni la Zamani

Mwanangu, kipande changu kina kurasa 16. Kinaanzia 97 na kinaishia 112.

#26 Fundi Majalada

Nakala mbili tofauti, miji miwili, na zote zinaishia ukurasa mmoja. Narudi kwenye hoja yangu kwa nguvu zaidi: shehena nzima huenda iliingia sokoni bila mkunjo wa nane.

#27 Bweni la Zamani

Sikubaliani, fundi. Kipande changu kinaishia 112 kwa sababu sisi ndio tuliokata hapo, kwenye mshono, kama ulivyoeleza mwenyewe. Cha mwisho kilikuwepo. Nilikiona kwa macho mkononi mwa mfalme wa muhula ule, naye aliondoka nacho kwenda likizo na hakurudi shule.

#28 Msomi wa Tukuyu

Ulikiona kipande, au uliona karatasi zilizokunjwa mkononi mwa mtu anayetaka sukari?

#29 Bweni la Zamani

Swali hilo limenikosesha usingizi. Nitalijibu nikilipata jibu.

#30 Rafu ya Tatu

Njia ya kuhakikisha ipo. Kwa mujibu wa sheria, mchapishaji anatakiwa kuwasilisha nakala za kila kitabu kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam iko wazi tangu mwaka 1967. Atakayeshuka huko aombe nakala hiyo asomee palepale, kisha atueleze ina kurasa ngapi. Asitueleze zaidi ya hapo.

#31 Kijana wa Uyole

Mzee Bweni, kwani miaka yote hii, tangu 1986, hujui nani aliua?

#32 Bweni la Zamani

Nilimshuku daktari. Mwezi wa tisa nina harusi ya mpwa wangu Dar es Salaam na nitapita karibu na maktaba hiyo, lakini sijaamua kama nitaingia. Bado namshuku daktari.